Mlizi Ni Wewe

Kando ya Mto San,
Novemba 3, 2023.

Kwako kaka yangu Ireneusz,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za paka wa Mama ambaye kwa hesabu ya paka ametuzidi umri sote. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Hamilton, wewe na shemeji na wajukuu. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari anataka kukuwekea jingine, nawe ukamjibu kwamba hili la kwanza hujamaliza kulitumia. Usimtanie mtu mwenye kisu mkononi, Irek. Sisi huku hatujambo. Mama katimiza themanini na nane, viazi anamenya mwenyewe, na bado analalamika kwamba mimi nikimenya natupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Masikio yake yamepungua, ila ukimsema vibaya, hata ukiwa chumba cha pili, anakusikia.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu tangu Septemba. Kila nikifungua mdomo naishia kukuuliza kama theluji imeanza. Kwa hiyo leo nimeketi kwenye meza ya jikoni kwa Mama, mchana kweupe, naye yuko sebuleni anajifanya haangalii ninachoandika. Ni barua ndefu. Nivumilie, na usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vyangu ukaniharibia utamu.

Naanza na kazi, maana yote yametokea huko. Unajua kwamba kwa miaka tisa nimo katika timu inayobuni gari jipya la vita la askari wa miguu, lile la deraya linalotembea kwa minyororo, ili yale makuukuu aliyoendesha mdogo wetu Lutek yapumzishwe. Jeshi letu hupenda kuyapa magari majina ya wanyama, na letu likaitwa Wydra, yaani fisi-maji, kwa sababu linatakiwa likimbie nchi kavu na kuogelea mitoni. Watu wakiona minyororo na mzinga husema hicho ni kifaru. Nimechoka kuwasahihisha. Kifaru hubeba mzinga, na watu waliomo ni watumishi wake. Gari letu hubeba watu: watatu wa kuliendesha na kupiga, na sita nyuma ambao kazi yao njiani ni kukaa tu na kufika wazima, mlango ushuke, watoke mbio.

Kulisema hivyo ni rahisi. Mtu wa deraya alitaka chuma kinene zaidi, na kila akiongeza sahani moja, gari linazama kidogo zaidi. Mtu wa mzinga alitaka mzinga mkubwa na makombora pembeni. Mtu wa injini alitaka nafasi. Mimi ni mtu wa tumbo la gari na kuelea kwake, na kila siku nilikuwa yule mwanamke mbaya anayesema hapana. Walinipa jina la Mama Maji. Mkubwa wetu, Mhandisi Walenty Kurek, mtu mwema mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa akifungua vikao kwa kusema mshika mbili moja humponyoka, na sisi tumepewa nne, basi tushike kwa meno.

Kabla ya kukata chuma tulijenga gari zima la mbao, ukubwa uleule, katika karakana ya zamani ambako baba aliwahi kufanya kazi. Tukaita askari waje wajaribu viti. Wakaja Januari, wamevaa makoti ya baridi, bunduki, mabegi na kofia za chuma. Watano wakaingia. Wa sita, koplo mmoja mwenye mabega kama kabati, akakaa mapajani mwa mwenzake, akanichungulia mlangoni na kuniuliza kwa adabu zote: "Bi Mhandisi, wenzangu wanauliza, mlitupima tukiwa uchi?"

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikaenda kulia kweli, maana ilibidi gari lipanuliwe kwa sentimita kumi na mbili, na sentimita hizo zilikula mahesabu yangu ya mwaka mzima. Lakini lile la mbao lilitufundisha mengi. Viti tukavining'iniza ukutani badala ya kuviweka sakafuni, ili bomu la ardhini likipiga chini, uti wa mgongo wa mtu usipokee pigo lote. Mzinga tukauweka juu pasipo mtu ndani yake, mpigaji anakaa chini tumboni na kuona nje kupitia skrini. Kanali Sroka, mwenyekiti wa kamati ya jeshi, ambaye ujana wake wote aliupitisha kichwa kikiwa nje ya gari akila vumbi, alinung'unika kwamba tunamgeuza mpiganaji kuwa karani. Mwaka wake wa pili akaacha kunung'unika. Tuligombana pia juu ya birika la umeme la kuchemshia chai, kilo nne nzima. Hilo nililipigania mimi, Mama Maji mwenyewe, niliyekuwa nikihesabu hata uzito wa rangi. Nilikumbuka barua za Lutek zilivyokuwa zikilalamikia baridi kuliko kitu kingine chochote.

Sasa nikufikishe kwenye kizibo. Chombo kinachoelea lazima kiwe na tundu chini, jambo la kuchekesha mpaka ulielewe. Mvua inaingia, maji ya kuoshea yanaingia, mafuta yanadondoka, na vyote hujikusanya tumboni. Kwa hiyo kuna tundu lenye kizibo, na kizibo kina mkono wa kuzungusha. Nchi kavu unafungua, uchafu unatoka. Kabla ya kushuka majini unafunga. Ukisahau, mto unaingia.

Sina haja ya kukusimulia Mei ya 1984, ila naandika hata hivyo, kwa kuwa tangu siku hiyo hatujawahi kuyataja haya mimi na wewe bila kugeuza uso. Mazoezi ya kuvuka mto. Gari la tatu kwenye mstari, dereva Lucjan Szeliga, yaani Lutek wetu, umri miaka ishirini. Likazama katikati. Walitoka sita. Wakabaki Lutek, Tadek wa akina Olejarz wa kijiji cha pili, na kijana mmoja kutoka kaskazini ambaye mama yake hatukumjua. Taarifa iliyoletwa nyumbani ilikuwa na mstari mmoja tu ambao sote tuliukariri: dereva hakufunga kizibo.

Wewe uliondoka nchini mwaka uliofuata, kwa hiyo hukuona mstari ule ulivyomfanya Mama. Kila tarehe mosi Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, mji mzima huenda makaburini adhuhuri na mishumaa na maua, watu wanasalimiana, wanasifiana makoti. Mama huenda saa kumi na mbili asubuhi, kupitia geti dogo la nyuma, anawasha mshumaa wake na kurudi kabla hajakutana na mama yake Tadek. Miaka thelathini na tisa, Irek. Kijana wetu amezikwa hatua ishirini kutoka kwa Tadek, na hawa wanawake wawili hawajawahi kuwasha mshumaa kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nilipopewa tumbo la Wydra niliapa kwamba dereva wangu hataweza kusahau. Niliweka kihisi kwenye kizibo na taa mbele ya macho ya dereva. Nyekundu, umeacha wazi. Kijani, umefunga. Na taa ikiwa nyekundu, gari linakataa kuingia majini hata ulitukane. Nilichora mwenyewe, sikumwachia kijana yeyote wa ofisini. Niliona fahari juu ya taa ile kuliko juu ya gari lote.

Septemba kumi na tisa ikawa siku ya kwanza ya kuelea na watu ndani. Ziwa la uwanja wa majaribio, mahema, kamati nzima, supu ya njegere ya jeshi inachemka kwenye lile sufuria lake la magurudumu. Askari sita wameshaingia nyuma, yule koplo wa mabega akiwamo, safari hii amekaa kwenye kiti chake mwenyewe na kunionyesha dole gumba. Kwa kuwa wageni walikuwa wakubwa, Kurek alikuwa ameamuru gari lioshwe alfajiri ndani na nje, ling'ae. Kumbuka hilo la kuoshwa.

Dereva wetu wa majaribio anaitwa Kajetan Brzoza, mtu wa miaka thelathini na minne, mkimya, mwenye tabia moja inayowachelewesha wote: kabla ya maji hulala chali chini ya gari na kupapasa. Tulimngoja. Akatoka huko na mgongo wenye tope, hakwenda kwa Kurek wala kwa Kanali, akaja kwangu. Akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenye nyumba kwamba mtoto wake ana homa:

"Bi Mhandisi, taa ni ya kijani, lakini nimepitisha kidole. Mlizi analia."

Nilimwuliza neno hilo kalitoa wapi. Akasema kwa mwalimu wake wa udereva, naye kwa mwalimu wake. Kumbe madereva wote wa magari yanayoelea, tangu yale makuukuu, kizibo kinachovuja hukiita mlizi, kama mtoto wa kulialia ovyo. Maji ya kuoshea yaliyobaki tumboni yalikuwa yakidondoka nje, tone moja moja. Kama gari lingekuwa chafu, kusingekuwa na tone, na Kajetan asingejua.

Kurek alikuwa amesikia. Hakuwa na ubaya, alikuwa na njaa na wageni. Akampiga Kajetan begani, akacheka kwa ile tarumbeta yake mbele ya watu wote:

"Mlizi ni wewe, Kajetan. Panda."

Watu wakacheka. Kajetan naye akatabasamu, akashika ngazi apande, maana mtu mzima akiitwa mlizi mbele ya wanaume wenzake hupanda. Mimi sikucheka. Nitakueleza kwa nini, tumekaribia. Nilikwenda nikasimama mbele ya minyororo, kati ya gari na maji, na viatu vyangu vya ofisini, nikasema gari halishuki. Kurek akanijia mbio, akaninong'oneza kwamba nisiwaaibishe, kamati nzima inatazama, taa ni ya kijani.

"Taa niliichora mimi," nikamwambia. "Ndiyo maana siiamini."

Wakawatoa askari. Wakafunua sakafu. Ilichukua saa mbili, Kanali Sroka akila supu amesimama. Tulichokikuta ni hiki: fimbo inayounganisha mkono na kizibo ilikuwa imeruka jino moja la gia. Mkono ulikuwa umefika mwisho kabisa, lakini kizibo kilikuwa wazi unene wa ukucha. Na kihisi changu, Irek, kile nilichokionea fahari, nilikifunga kwenye mkono. Kilikuwa kinauliza mkono kama kizibo kimefungwa, bila kukitazama kizibo chenyewe. Kizibo kingeweza kudondoka njiani na kuachwa barabarani, taa yangu ingebaki kijani.

Je, wangezama? Pampu zilikuwapo, na ni nzuri. Pengine zingetosha. Kazi yangu yote ni hesabu na siwezi kukupa hesabu ya pengine hiyo. Kurek alimchotea Kajetan supu kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba radhi palepale mbele ya waliocheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa. Jaribio likaahirishwa wiki tano.

Sasa lile lililonifanya niandike.

Mwezi mmoja kabla hajafa, Lutek aliniandikia. Si ile barua mliyoisoma wote, ya salamu na baridi. Nyingine, aliyoileta rafiki yake aliyekuja likizo, kwa kuwa zilizopita posta zilisomwa na wakubwa wake. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, wiki ya mitihani. Aliandika kwamba gari lake lina mlizi. Mpira wa kizibo umelika, wa kubadilisha haupo kikosini. Anafunga mkono mpaka unagota, na bado kinalia. Amemwambia sajini, sajini amemwambia mwanamume halalamikii matone. Kisha akaniuliza, na maneno yake nayajua kama sala: "Wewe ndiye msomi wetu, Bogna. Niambie, nikatae kuendesha?"

Nilikuwa na mtihani wa hesabu kesho yake. Nilichukua postikadi yenye picha ya mnara wa saa, nikaandika mstari mmoja na nusu. Nilidhani ni utani. Nilidhani pia ni busara, maana kukataa amri mwaka ule ilikuwa jela. Niliandika: "Mlizi ni wewe. Fanya unachoambiwa, umalize salama urudi nyumbani."

Akafanya alichoambiwa.

Postikadi ilirudi na vitu vyake, katikati ya soksi. Mimi ndiye niliyelifungua lile sanduku, unakumbuka, kwa kuwa Mama hakuweza. Niliitia mfukoni pamoja na barua yake. Na siku ya mazishi nilikuwa nazo zote mbili kwenye koti langu jeusi. Wewe ulivuka njia ya makaburi mbele ya watu wote, ukapiga goti kwenye tope mbele ya mzee Olejarz, ukaomba radhi kwa niaba ya familia kwa uzembe wa mdogo wako. Mzee hakukuinua. Ulibaki pale muda mrefu. Nami nilisimama nyuma yako hatua tatu, nikiwa na karatasi mfukoni inayosema kwamba Lutek alifunga.

Nilijiambia kwamba ningeionyesha wangetukamata. Miaka mitano baadaye nchi ikabadilika, hakuna wa kumkamata mtu kwa barua, na sikuionyesha. Hapo nikajua haikuwa hofu ya serikali. Huwezi kuonyesha swali lake bila watu kuuliza nilimjibu nini. Nililinda mstari mmoja na nusu wangu kwa jina lake, kwa goti lako, na kwa asubuhi thelathini na tisa za Mama. Najua uliondoka kwa sababu hukuweza kupita mbele ya nyumba ya akina Olejarz. Hukuwa na deni nao, kaka. Sina namna ya kukurudishia miaka hiyo, na sijui nikuombeje. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa, wala sitakuandikia tena kukusumbua.

Utaniuliza nimefanya nini tangu hapo, maana wewe ni mtu wa vitendo. Nimehamisha kihisi kutoka kwenye mkono na kukiweka kwenye kizibo chenyewe. Nimetoboa sakafu pembeni mwa mguu wa dereva na kuweka kioo kidogo, akiinama anakiona kizibo kwa macho yake. Na katika kitabu cha dereva nimeingiza mstari: dereva akisema mlizi analia, gari halishuki majini, na haulizwi mara mbili. Mhariri wa jeshi alinirudishia, akasema mlizi si neno la kitaalamu, tuandike hitilafu ya uzibaji. Nikampelekea Kanali Sroka. Akalisoma mara mbili, akasema yeye pia aliwahi kuitwa hivyo, na kwamba libaki. Limechapwa. Oktoba ishirini na nne Wydra aliogelea kwenda na kurudi mara nne, na yule koplo akatoka nyuma na kikombe cha chai ambacho hakikumwagika.

Juzi, tarehe mosi, saa kumi na moja na nusu asubuhi Mama alikuwa ameshavaa koti ili awahi geti lake la nyuma. Nikamwomba avue aketi. Nikamsomea barua ya Lutek, kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake, kisha nikamsomea postikadi yangu. Nilitazamia anipige. Alikunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza. Kisha akasema:

"Kwa hiyo alikifunga."

Nikamwambia ndiyo Mama, mpaka mkono ukagota. Akaniomba nisome tena pale pa kugota. Nikasoma. Nikaanza kulia, kuomba, kusema yote niliyokuandikia wewe, naye akaniinulia mkono ninyamaze.

"Wewe nitakukasirikia kesho," akasema. "Leo nina shughuli na Lutek."

Akangoja mpaka adhuhuri, amekaa kitini na koti lake. Kisha tukaenda, Irek, kwa geti kubwa, mji mzima upo. Alitembea katikati ya njia. Watu walikuwa wakimpisha kama anavyopishwa mtu asiyetazamiwa. Mama yake Tadek alikuwa kwenye benchi kando ya kaburi, sasa mzee sana, mkoba umekaa pembeni yake. Mama akasimama mbele yake na kusema tu: "Mwanangu alifunga, na binti yangu hapa atakusomea." Nikasoma zote mbili, ya Lutek na yangu, pale kati ya mishumaa, watu wakisikia. Nilipomaliza, yule mama hakunitazama hata mara moja. Alichukua mkoba wake kutoka kwenye benchi akauweka mapajani, ili Mama apate mahali pa kukaa. Wakakaa. Sijui waliongea nini, nilibaki kando nikishikilia mishumaa.

Jana Mama alinikasirikia, kama alivyoahidi. Sitakuandikia aliyoyasema, yalikuwa ya haki yote. Leo asubuhi amenipa kisu na beseni la viazi, akaniambia nimenye maganda membamba, na nikimaliza nikuandikie wewe, si kwa simu.

Nimeweka humu nakala ya barua ya Lutek. Ya asili anayo Mama, chini ya mto wake wa kulalia. Anakusalimu, na amenituma nikuambie hivi: ile sahani ya ziada tunayoiweka mezani mkesha wa Krismasi kwa mgeni asiyetarajiwa, miaka yote alikuwa akimwekea Lutek akijifanya ni ya mgeni. Mwaka huu anasema Lutek ameshafika nyumbani, sahani iko wazi, na mgeni anayemtarajia ni wewe. Goti lipone au lisipone. Nisalimie shemeji na watoto, na ubusu kila mmoja kwa niaba ya bibi yao.

Ukipenda kunijibu, hata kwa matusi, andika kurasa nyingi kadiri hasira itakavyokupeleka. Nitasoma zote. Ila nakuomba, kaka, usinijibu kwa postikadi.

Mlizi ni mimi,

dada yako Bogna.